Gurupu ya mashua: mbele ya kumlipisha kijana, tuifungue mashini

Maneno ya ajenti wa tereni mbele ya mkutano wa wanachama, Masereka. Komite imeomba yachapishwe hapa ili wale wasiofika, na wale wanaotusaidia kutoka mbali, wayasome nao.



Komite iliniomba niseme juu ya namna ya kutunza gurupu ya mashua yetu. Nitasema. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba kisha maneno yangu mutapiga kura juu ya kijana aliyekuwa anailinda, kama atalipa dola 350 ao hapana. Sitajifanya kama sijui. Yale yanayohusu mashini ndiyo yaleyale yanayohusu kura, kwa hiyo nayasema pamoja.

Nikumbushe kidogo kwa ajili ya wageni. Wengi wetu tulirudi nyumbani na mikono mitupu. Wengine walikuwa wamekimbia mara mbili, mara tatu. Mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipochukuliwa, mumeona wenyewe namna barabara ya Lubero ilijaa watu, magodoro na watoto. Aliyerudi alikuta shamba limekuwa pori na mbuzi hakuna. Ndiyo sababu chama kilichagua kazi ya samaki: tununue kwa wavuvi wa Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard, wamama wauze huku juu milimani. Tukapata mashua ya mbao, moteri ya kuisukuma, na gurupu ndogo ya esanse ya wati 2,000.

Ile gurupu ilikuwa na kazi tatu. Usiku inatoa mwangaza ndani ya mashua wakati wa kupokea samaki kutoka mitumbwi ya wavuvi. Mchana inachaji taa na simu za watu wa pwani, wanalipa. Na mara kwa mara inapandishwa kwa gari hadi hapa Masereka kwa mikutano na kwa salo ya vijana ya kunyoa. Mushike hii ya mwisho, nitairudilia.

Sasa ule usiku. Saa tisa ya usiku, mashua iko katikati ya maji, ndani watu kumi na mmoja, wamama saba. Gurupu ikaanza kulia vibaya, ikatoa sauti ya chuma, ikakamata. Giza. Dakika chache moteri ya mashua ikaingia ndani ya wavu wa mtu, kwa sababu hakuna aliyeuona, na elisi ikafungwa. Wakabaki pale hadi asubuhi, upepo unawasukuma, na munajua kwamba kwenye lile ziwa viboko wako. Mungu alisaidia, wote walirudi. Samaki waliharibika, wavu wa watu ulikatika, na gurupu ilikufa.

Kesho yake maneno yalikuwa moja tu: kijana aliuza mafuta. Mimi pia nilikuwa karibu kuamini. Kisha tulipeleka mashini Butembo, kwa fundi ambaye haimujui yeyote kati yetu, na nilimwomba aifungue mbele ya macho yangu. Tulikuta mambo manne. Nitayachukua moja moja, na kwa kila moja nitasema namna ya kujilinda.

Jambo la kwanza: wile. Moteri ile ni ya temu nne. Haichanganyi wile ndani ya esanse kama zile ndogo za temu mbili. Wile inakaa peke yake chini, desilita 6. Tulikuta desilita 2, nyeusi na nzito kama lami.

Wandugu, moteri ya namna ile ikiwa mupya, wile ya kwanza inabadilishwa kisha saa 20 za kazi. Kisha hapo, kila saa 100 ao kila miezi sita, ile inayotangulia. Sasa tuhesabu. Gurupu yetu ilifanya saa sita kila usiku. Saa 100 zinaisha kisha usiku kumi na saba. Maana yake kila mwezi tunahitaji wile karibu mara mbili, lita moja na kidogo. Mashini ilifanya kazi miezi mitatu, usiku sita kila juma, zaidi ya saa 400. Wile ilibadilishwa mara ngapi? Mara moja.

Mbele ya kuwasha kila jioni, moteri ikiwa baridi na imekaa sawa, fungua kifuniko cha wile na uangalie. Wile inatakiwa kufika kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa chini, ongeza. Hii ni kazi ya dakika moja. Ile ya kubadilisha inafanywa moteri ikiwa vuguvugu, ili uchafu utoke pamoja na wile.

Jambo la pili: kauzi kalikatwa. Chini ya moteri kuna kitu kidogo kinachopima wile. Wile ikipungua, kinakata moto wa buji na moteri inazimika mbele ya kuharibika. Ni mlinzi. Kwetu uzi wa yule mlinzi ulikuwa umekatwa na kufungwa na skochi nyeusi.

Nani alikata? Tuliuliza vizuri. Ilikuwa fundi wa huku juu, miezi miwili nyuma, na alikata kwa sababu sisi wenyewe tulimlalamikia kwamba gurupu inazimika-zimika ndani ya mashua. Kweli ilikuwa inazimika. Mashua inalala upande, wile inakimbilia upande mmoja, mlinzi anafikiri wile imeisha, anakata. Wile ikiwa imejaa na mashini imekaa sawa, hiyo inapungua sana. Lakini wile ilikuwa imepungua tayari. Mlinzi alikuwa anasema ukweli, na sisi tukamfunga kinywa.

Kwa hiyo mushike hii: gurupu ikizimika ghafla, kama mtu aliyefunga swichi, jambo la kwanza ni kuangalia wile. Usivute kamba mara arobaini. Na kwenye mashua, gurupu iwekwe juu ya ubao ulio sawa, mahali mashua haichezi sana, na ifungwe kamba pande nne. Uzi wa mlinzi usikatwe tena na mtu yeyote.

Jambo la tatu ni lile la gari na milima. Ndani ya kabirateri kuna katundu kadogo ka shaba kanakopitisha esanse, mafundi wanakaita jikileri. Yetu ilikuwa imebadilishwa, imewekwa ndogo zaidi.

Hapa sitamlaumu fundi. Masereka iko kwenye milima ya karibu mita 2,000. Huku hewa ni nyepesi. Mashini iliyotengenezwa kwa fasi za chini inapata hewa kidogo na esanse inakuwa mingi mno: moshi mweusi, buji inajaa masizi, esanse inaliwa bure. Na nguvu inapungua, karibu asilimia 3 na nusu kila mita 300 unazopanda. Maana yake gurupu ya wati 2,000, huku kwetu robo ya nguvu yake iko karibu kupotea. Ndiyo sababu salo ya kunyoa, ukiongeza pasi, inazimisha kila kitu. Kuweka jikileri ndogo ni dawa inayojulikana kwa mashini inayokaa juu.

Lakini yetu haikukaa juu. Ilirudi ziwani, kwenye mita 900 na kidogo, hewa nzito na joto. Kule chini, na jikileri ndogo, esanse ikawa kidogo mno. Moteri inayokosa esanse inachemka. Inatembea vizuri, sauti nzuri, lakini ndani inaungua. Fundi wa Butembo alituonyesha buji: badala ya rangi ya kahawia kama biskuti, ilikuwa nyeupe. Mukumbuke zile rangi tatu: kahawia ni muzima, nyeusi ni esanse nyingi ao filtri ya hewa imeziba, nyeupe ni joto kupita kiasi.

Hakuna mtu aliyemwambia fundi wa juu kwamba mashini inalala ziwani. Na hakuna mtu aliyemwambia kijana wa ziwani kwamba jikileri imebadilishwa. Haikuandikwa popote. Basi nasema: mashini ya ziwa ibaki ziwani. Salo itafute namna ingine.

Jambo la nne: maji ndani ya esanse. Chini ya kabirateri kuna kikombe kidogo na kavisi. Ukifungua kavisi, unaachia kilicho chini ndani ya chupa inayoonekana. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini na utaona mstari. Kwetu maji yalikuwepo, pamoja na kutu.

Sote tunanunua kwa Kadafi wa barabarani, mimi pia. Sisemi Kadafi wote ni wabaya. Nasema kila bido ipimwe. Weka kidogo ndani ya chupa nyeupe, iache itulie, angalia kama kuna mstari chini. Petrole ikichanganywa ndani haionekani hivyo, lakini tone moja juu ya karatasi litakuambia: esanse inakauka upesi, petrole inaacha alama ya mafuta. Na kila mara umimine kupitia kitambaa safi ao chujio.

Sasa kwa wale watakaoshika kamba kesho, alama fupi. Gurupu ikizimika ghafla: wile. Ikikohoa na kufa polepole: esanse. Angalia robine kama iko wazi, angalia katundu ka hewa kwenye kifuniko cha tangi kama hakajaziba, kisha ondoa maji kwenye kikombe. Ikitembea vizuri lakini taa haziwaki: tatizo haliko kwenye moteri. Chomoa vitu vyote, rudisha swichi ya kujilinda, chomeka kimoja kimoja utapata chenye kosa. Ikikataa kuwaka kabisa: toa buji. Ikiwa imeloa, umeizamisha na esanse. Funga robine, ondoa starteri, kausha buji, subiri kidogo. Ikiwa kavu, esanse haifiki. Na filtri ya hewa, ile sponji, ioshwe kwa maji ya sabuni kila saa 50, ikauke, itiwe wile kidogo na kukamuliwa. Filtri ya karatasi haioshwi, inakung'utwa ao inabadilishwa.

Lakini kile kipimo ambacho mafundi wanafanya barabarani, cha kugusisha buji kwenye chuma ili kuona kama moto unaruka, ndani ya mashua musikifanye. Fanyeni kwenye nchi kavu, mbali na bido. Nitasema kwa nini, na hapa ndipo naomba munisikilize kuliko fasi zote, kwa sababu mashini inanunuliwa, mtu hanunuliwi.

Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa jiko. Unateremka, unakaa chini ya mashua, miguuni, pamoja na maji mnayokomba. Humwoni. Cheche moja inatosha. Kwa hiyo esanse isimiminwe wakati gurupu inatembea, wala ikiwa bado moto. Izime, subiri dakika kumi na tano, mimina, futa, funga bido, acha hewa ipite, ndipo uwashe. Mshumaa, sigara na koroboi visikaribie. Muzuri zaidi ni kujaza tangi pwani mbele ya kutoka. Na bido isikae karibu na bomba la moshi.

La pili ni moshi wenyewe. Ndani yake kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua watu wakiwa wanalala, hata ndani ya mashua, kama imefunikwa. Ule usiku mvua ilinyesha mwanzoni, na wakavuta shitingi juu ya mashua yote, gurupu ikiwa ndani pamoja nao. Mama mmoja aliniambia kwamba kichwa kilimuuma sana na alitapika. Walisema ni mawimbi. Inaweza kuwa mawimbi. Lakini kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito ndizo alama za ile sumu, na saa tisa ya usiku katikati ya ziwa hakuna mtu wa kuzitofautisha. Basi: gurupu inatembea, shitingi inafunguliwa. Mvua ikizidi, gurupu inazimwa na tunatumia taa za betri. Bomba la moshi liangalie nje, upande upepo unakoenda. Na mtu akisema kichwa kinamuuma, zimisha kwanza, muulize kisha.

La tatu, umeme na maji havipatani. Mtu asiguse prizi akiwa na mikono ya samaki. Nyaya zipite juu, siyo chini ndani ya maji.

Sasa narudi kwa kijana.

Mambo manne tuliyoyakuta. Uzi ulikatwa na fundi, tulimwomba sisi. Jikileri ilibadilishwa na fundi, mashini tuliipandisha sisi. Esanse yenye maji, makuta ya esanse yalikuwa yanahesabiwa kidogo-kidogo hadi akanunua palipo rahisi. Inabaki wile. Je, aliuza wile?

Nilimwomba simu yake, akanipa bila maneno. Kuna ujumbe tatu. Mmoja alimwandikia mtu wa komite. Miwili aliniandikia mimi. Ya mwisho inasema: "Ndugu, wile imekuwa nyeusi, munitumie lita moja." Mimi nilijibu: "Sawa, tutaangalia." Sikuangalia. Nilikuwa na raporo ya kumaliza.

Na kuna zaidi. Bajeti ya ile gurupu niliiandika mimi. Kuna mstari wa mashini, mstari wa usafiri, mstari wa kuandika jina la mfadhili ubavuni mwa mashua. Mstari wa wile haupo. Wa filtri haupo, wa buji haupo. Wafadhili wetu watasoma maneno haya, na nawaambia kwa heshima: mulitupa mashini, aksanti sana, lakini mashini bila wile ya mwaka mmoja ni deni munamwachia mtu wa mwisho, yule anayeshika kamba. Mara nyingi yule ndiye kijana asiye na kitu.

Simusafishi kabisa. Aliona wile imepungua na akawasha. Angeweza kukataa kutoka. Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akasema: wamama walikuwa wamekaa tayari ndani ya mashua, na kama hawatoki, kesho hawauzi. Munipe jibu ninyi, mungefanya nini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa mkutano huu.

Moja, deni la dola 350 liondolewe juu ya kichwa chake. Kutengeneza kulipwe na kese ya chama, na mimi natoa dola 50 za mfuko wangu, siyo za shirika, kwa sababu ya zile ujumbe mbili.

Mbili, kuwe na kaye ya gurupu. Siyo ya ofisi, ya mashua, ndani ya sashe ili isiloe. Kila usiku mstari mmoja: saa iliwashwa, saa ilizimwa, wile iliangaliwa, esanse lita ngapi, jina. Fundi akigusa kitu, aandike alichogusa. Kaye ile ndiyo itakayomlinda mlinzi wa mashini siku nyingine watu watakaposema aliuza.

Tatu, kila jioni, mbele ya kugawa faida ya kuchaji, sehemu itolewe kwanza na kuwekwa kwa wile, buji na filtri. Wamama ndio washike ule mfuko, kwa sababu wao ndio wanaokaa ndani ya mashua. Na mlinzi wa gurupu awe na haki ya kusema "leo hatutoki", na asikosolewe na mtu.

Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kushitakiwa bila kuulizwa. Wengine wetu, tulipokuwa mbali, walituita majina mbele ya kutuuliza tumetoka wapi. Tusifanye vile kwa mtoto wetu. Mufungue mashini kwanza.



Komite inaongeza: Kura ilipigwa siku ileile. Deni liliondolewa kwa kura 38, waliokataa walikuwa 17. Mfuko wa wile umewekwa mikononi mwa wamama watatu, na kaye imefunguliwa. Gurupu imetengenezwa, imewekewa jikileri yake ya kwanza na uzi wa mlinzi, na haitapandishwa tena Masereka. Kijana amekubali kurudi kazini.